Kaunti ya Graham, Kansas: Ardhi, Reli na Watu Wanaorudi Nyumbani

*Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi kuhusu historia ya serikali za mashinani. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.*



Tangu Katiba ya mwaka 2010, neno "kaunti" limekuwa neno la kila siku nchini Kenya. Mwananchi hulitamka anapouliza habari za barabara, zahanati, soko au leseni ya biashara. Lakini kaunti si jambo la Kenya pekee. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na jimbo moja tu la Kansas lina kaunti 105. Nyingi kati yake ni za mashambani, hazitajwi katika habari, na wageni huzipita kwa gari bila kusimama. Mazungumzo haya yanahusu mojawapo: Kaunti ya Graham, iliyo kaskazini magharibi mwa Kansas, katika eneo ambalo Wamarekani huliita Magharibi ya Kati.

Kaunti hii imechaguliwa kwa sababu historia yake inajibu swali linalowagusa wakazi wa kaunti yoyote: ni nini huufanya mji ukue, ni nini huufanya ufe, na ni nini hubaki watu wanapokwisha kuondoka?

Nchi tambarare yenye mvua chache

Kaunti ya Graham ina umbo la mraba. Kila upande una urefu wa takriban kilomita 48, na eneo lake lote ni karibu kilomita mraba 2,330. Kwa kulinganisha, eneo hilo ni zaidi ya mara nne ya Kaunti ya Vihiga. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 590,013 katika Vihiga. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 2,415 katika Graham. Hiyo ni sawa na mtu mmoja tu kwa kila kilomita mraba.

Umbo hilo la mraba halikuletwa na mto wala mlima. Lilichorwa na wapima ardhi wa serikali kuu ya Marekani. Waliigawa nchi kwa mistari iliyonyooka, wakapata vitongoji vya mraba, na kila kitongoji kikakatwa vipande 36 vya ekari 640. Robo ya kipande kimoja ni ekari 160, na kipimo hicho kitatajwa tena baadaye. Hadi leo, barabara nyingi za mashambani huko hufuata mistari hiyo ya wapimaji, na mtu anaweza kuendesha gari kwa muda mrefu bila kukata kona.

Mto Solomon, tawi la kusini, hupita katikati ya kaunti kutoka magharibi kwenda mashariki. Kandokando yake kuna miti, lakini mbali na mto nchi ni wazi, ni ya nyasi na vilima vya chini. Hakuna ziwa kubwa wala msitu. Mstari wa longitudo ya 100 magharibi hukata kaunti hii, nao unajulikana sana na wakulima wa Marekani. Mwaka 1878 mtaalamu wa ardhi John Wesley Powell alieleza kwamba karibu na mstari huo ndipo nchi yenye mvua za kutegemewa inapoishia na nchi kavu inapoanza. Mkulima wa Graham analima juu ya mpaka huo. Mwaka mmoja ghala hujaa, mwaka unaofuata hapati hata mbegu. Mnamo Juni 26, 2012, mji wa Hill City, makao makuu ya kaunti, ulifikia joto la nyuzi 46 za Selsiasi, na kwa siku kadhaa mwezi huo ulikuwa miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi nchini Marekani. Wakati wa baridi, theluji hufunika mashamba hayo hayo.

Zao kuu ni ngano, ambayo hupandwa kabla ya majira ya baridi na kuvunwa mapema kiangazi. Zao jingine ni mtama. Ndiyo, mtama huu huu unaojulikana Kitui, Tharaka na Busia. Asili yake ni Afrika, na leo Kansas ndiyo inayoongoza kwa mtama nchini Marekani, kwa sababu huvumilia ukame kuliko mahindi. Tofauti ni kwamba huko hausongwi ugali wala kupikiwa uji. Sehemu kubwa hulishwa mifugo au hutengenezewa mafuta ya magari. Ng'ombe wa nyama nao hufugwa kwa wingi, na chini ya ardhi kuna mafuta ambayo yamechimbwa tangu karne iliyopita.

Kabla ya kaunti, na ndoto ya ekari 160

Kabla ya wapima ardhi kufika, Wapawnee, Wacheyenne na Waarapaho waliwinda nyati katika nyanda hizo. Waliondolewa hatua kwa hatua kwa mikataba na kwa nguvu za jeshi, na nyati wenyewe wakauawa kwa mamilioni. Historia ya kaunti hii haiwezi kusimuliwa kana kwamba ardhi ilikuwa tupu ikisubiri mwenyewe. Ilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1862 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Makazi. Mtu mzima au kiongozi wa familia aliweza kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo. Sharti lilikuwa aishi hapo kwa miaka mitano, ajenge nyumba na kulima. Akitimiza, alipewa hatimiliki. Sheria hiyo ilivuta mamia ya maelfu ya watu kuelekea magharibi, wakiwemo wahamiaji kutoka Ulaya.

Kulikuwa na kundi jingine lililoisikia habari hiyo kwa masikio tofauti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika mwaka 1865, na utumwa ukapigwa marufuku. Lakini uhuru bila ardhi ni nusu ya uhuru. Wengi walioachiliwa waliendelea kulima mashamba ya mabwana wao wa zamani kwa malipo ya sehemu ya mavuno, na madeni yakawashika shingoni. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakiwalinda Kusini yaliondolewa, na vitisho dhidi yao vikaongezeka. Kansas, kwa upande wake, ilikuwa imeingia katika muungano wa Marekani mwaka 1861 kama jimbo lisilo na utumwa, baada ya miaka ya mapigano juu ya jambo hilo hilo. Kwa Mmarekani mweusi wa Kentucky au Tennessee, jina Kansas lilikuwa na harufu ya uhuru.

Moshi uliotoka ardhini

Aprili 1877 ilianzishwa Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Waanzilishi wake walikuwa watu saba: sita Wamarekani weusi, wakiongozwa na W. H. Smith, na mmoja mzungu aliyeitwa W. R. Hill, mfanyabiashara wa viwanja. Kampuni ilichapisha matangazo na kuyapeleka kwenye makanisa ya watu weusi huko Kentucky. Matangazo yalisifu udongo, maji na hewa ya Kansas, na kuwaalika watu wajiunge kwa ada ya dola 5.

Mwezi wa Julai watu wapatao 30 walifika. Septemba wakaja wengine zaidi ya 300 kutoka Kentucky. Treni iliwashusha Ellis, stesheni iliyokuwa kusini, na kutoka hapo walitembea takriban kilomita 55 katika nyasi, na mizigo yao kwenye mikokoteni michache. Barabara haikuwepo.

Masika ya mwaka 1878 kundi jingine lilifika likiongozwa na mhubiri Daniel Hickman. Huko Ellis surua ilikuwa imewashambulia, na baadhi ya watoto walizikwa kabla ya safari kuendelea. Mkewe, Willianna Hickman, alisimulia miaka mingi baadaye jinsi walivyokaribia mwisho wa safari. Wanaume walipaza sauti kwamba Nicodemus inaonekana. Yeye alitazama kwa bidii, asione mji. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu wa Nicodemus waliishi katika mashimo, kwa sababu miti ya kujengea haikuwepo. Familia moja moja zilikuwa zikichomoza kutoka ardhini kuwalaki. Mama huyo alisema kwamba alianza kulia.

Baadhi ya waliokuja waligeuza safari walipoona hali halisi. Wengine walimkasirikia sana Hill kwa kuwapamba kwa maneno. Waliobaki waliingia katika majira ya baridi ya kwanza wakiwa na chakula kidogo, kwani walifika baada ya msimu wa kupanda. Waliokolewa na watu wasiowatarajia: kundi la wawindaji wa Kiosage waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda liliwagawia nyama. Watu walionyang'anywa ardhi waliwalisha watu waliokuwa wakiitafuta.

Masika yalipofika, wengi hawakuwa na farasi wala maksai. Walilima kwa koleo na jembe la mkono. Ekari chache kila familia, lakini zilikuwa zao. Z. T. Fletcher akawa mkuu wa posta wa kwanza, na mkewe Jenny akawa mwalimu wa kwanza, akifundisha ndani ya shimo lao la kuishi. Mkazi yeyote wa Kenya aliyesomea chini ya mti ataelewa darasa hilo lilikuwaje. Katika miaka michache nyumba za matofali ya nyasi zilitokeza juu ya ardhi, kisha zikaja za mawe ya chokaa.

Kaunti inapata karani wake

Graham ilikuwa imewekewa mipaka mwaka 1867 na kupewa jina la Kapteni John L. Graham, mwanajeshi wa Kansas aliyeuawa katika vita vya Chickamauga mwaka 1863. Lakini mipaka kwenye ramani si serikali. Kaunti ilianza kufanya kazi mwaka 1880, watu walipokuwa wa kutosha. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi 4,258.

Yafaa kueleza tofauti moja hapa. Kaunti ya Kansas haina gavana. Gavana ni wa jimbo zima. Kaunti huongozwa na makamishna wanaochaguliwa, pamoja na karani wa kaunti, mweka hazina, msajili wa hati za ardhi, mwanasheria na sherifu, ambao pia huchaguliwa na wananchi. Mapato yake makubwa hutokana na kodi ya ardhi na majengo. Kwa hiyo karani ni mtu mkubwa. Yeye ndiye anayetunza kumbukumbu za vikao, za kodi na za uchaguzi.

Gavana John St. John alimteua karani wa muda wa Kaunti ya Graham: Edward McCabe, kijana mweusi aliyezaliwa Troy, New York, mwaka 1850, aliyekuwa amefanya kazi ya ukarani Chicago kabla ya kuhamia Nicodemus mwaka 1878. Mwaka 1881 wapiga kura wa kaunti, weusi kwa weupe, walimchagua kushika cheo hicho. Mwaka uliofuata Kansas yote ilimchagua kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo, na mwaka 1884 akachaguliwa tena. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda kiti cha jimbo zima katika nchi ya magharibi. Safari hiyo ilianzia katika ofisi ya kaunti, juu ya daftari la kodi na orodha ya wapiga kura.

Swali la makao makuu lilizua mvutano mkali, kama linavyofanya kila mahali. Mji wenye makao makuu hupata mahakama, ofisi, mawakili, hoteli na wateja. Mwanzoni ofisi zilikuwa Millbrook. Mwaka 1888 makao makuu yakawa Hill City, mji uliobeba jina la W. R. Hill, yule yule aliyewaalika watu Nicodemus. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na mkono katika miji miwili ya kaunti moja, na miji hiyo haikupata bahati sawa.

Reli iliyopita ng'ambo ya mto

Katikati ya miaka ya 1880 Nicodemus ilikuwa imechangamka. Ilikuwa na maduka, hoteli, makanisa, shule, benki na magazeti mawili, *Western Cyclone* na *Nicodemus Enterprise*. Wazungu kadhaa nao walifungua biashara huko. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja: reli.

Wakati huo mkulima wa ngano bila reli alikuwa mfungwa wa shamba lake. Mavuno yalipaswa kusafirishwa kwa mkokoteni hadi stesheni ya mbali, na mbao, makaa ya mawe na mashine zirudi kwa njia hiyo hiyo. Wakenya hawahitaji kuelezwa sana, kwani Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899.

Makampuni ya reli yalijua nguvu waliyokuwa nayo. Desturi ilikuwa miji ishindane kwa kuyaahidi fedha za umma. Mwaka 1887 wapiga kura wa kitongoji cha Nicodemus waliidhinisha hatifungani za dola 16,000, yaani mkopo ambao ungelipwa kwa kodi zao, ili kuivutia kampuni ya Missouri Pacific. Fikiria kiasi hicho kwa watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa wakiishi chini ya ardhi. Wapimaji walipita, magazeti yakaandika kwa shangwe, na bei za viwanja zikapanda. Mazungumzo yakavunjika. Tumaini likahamia kampuni ya Union Pacific.

Mwaka 1888 Union Pacific ilijenga reli yake kweli. Iliijenga upande wa kusini wa Mto Solomon, kilomita chache kutoka Nicodemus, na kambi ya wajenzi ikawa mji mpya uitwao Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus walifanya hesabu ya kila mfanyabiashara. Walifunga milango, baadhi wakang'oa majengo yenyewe, wakahamia ng'ambo ya mto. Magazeti yote mawili yakazimika. Ahadi ni deni, lakini deni hilo halikuwa na mtu wa kulidai.

McCabe naye aliondoka. Baada ya muda wake serikalini kumalizika, alielekea Oklahoma, ambako alishiriki kuanzisha mji mwingine wa watu weusi, Langston, mwaka 1890. Mji uliopoteza reli ulipoteza na viongozi.

Hata hivyo wakulima hawakuhama siku moja. Duka huhamishika, shamba la ekari 160 lenye hatimiliki halihamishiki. Familia ziliendelea kulima kuzunguka mji uliopungua, kusali katika makanisa yake na kuzika wazee wao katika makaburi yake. Hapo ndipo tofauti ya mji na jamii ilipoonekana.

Sensa inasimulia nini

Kaunti kwa jumla iliendelea kukua kwa muda. Mwaka 1890 ilikuwa na watu 5,029. Mwaka 1910 ikafikia kilele chake, watu 8,700. Mwaka 1930 walikuwa 7,772. Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja: kuanguka kwa uchumi wa dunia na ukame mkali wa miaka ya 1930, wakati upepo ulipoyainua mashamba ya nyanda hizo kuwa mawingu ya vumbi. Kufikia 1940 kaunti ilikuwa na watu 6,071, na mwaka 1950 watu 5,020. Mwaka 1960 idadi ilipanda kidogo hadi 5,586, halafu ikashuka moja kwa moja: 3,995 mwaka 1980, 2,946 mwaka 2000 na 2,415 mwaka 2020.

Mtu anaweza kudhani kwamba kaunti hiyo imekuwa maskini na mashamba yameachwa. Sivyo. Mashamba yanalimwa karibu yote. Kilichobadilika ni mikono inayohitajika. Trekta na kombaini zilipoingia, familia moja iliweza kulima ardhi iliyokuwa ikilimwa na familia tano au kumi. Mashine ni ghali, na ili zijilipe mkulima alihitaji kununua au kukodi ardhi ya jirani. Jirani akauza, watoto wake wakaenda Denver, Wichita au Kansas City. Shamba likawa kubwa, shule ikawa tupu. Ekari 160, zilizotosha kuijaza familia matumaini mwaka 1877, leo ni kipande kidogo katika shamba la ngano la kawaida.

Watu wanapopungua, gharama za kaunti hazipungui kwa kiwango hicho hicho. Kilomita za barabara ni zile zile. Daraja halifupiki kwa sababu wanaolivuka ni wachache. Hospitali ya Hill City inahitaji madaktari hata kama wodi haijajaa. Ndiyo maana shule zilizotapakaa mashambani zimeunganishwa, na leo wilaya moja ya shule inahudumia kaunti. Ndiyo maana pia sensa hufuatiliwa kwa makini, kwa kuwa fedha na uwakilishi hufuata idadi ya watu. Kenya nayo, idadi ya watu ni kigezo kimojawapo katika kugawa mapato ya taifa kwa kaunti, ingawa wengi huko Graham wangeshangaa kusikia kaunti ikilalamika kwamba watu wamekuwa wengi mno.

Leo zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti wanaishi Hill City, ambayo ilikuwa na watu 1,403 mwaka 2020. Bogue, ule mji ulioupokonya Nicodemus maduka, nao umebaki na watu 155. Reli huupa mji uhai, lakini haiahidi kuulinda milele. Na Nicodemus? Posta yake ilifungwa mwaka 1953. Shule ilifungwa mwaka 1960. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14.

Wikendi ya mwisho wa Julai

Kwa hesabu ya sensa, habari ya Nicodemus ingepaswa kuishia hapo. Haikuishia.

Tangu miaka ya mwanzo kabisa, wakazi waliadhimisha siku ya ukombozi kila mwaka, kwa kufuata tarehe ya Agosti 1, siku ambayo utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Uingereza ya visiwa vya Karibiani. Kulikuwa na chakula, michezo, hotuba na ibada. Watoto wa Nicodemus walipohamia miji mikubwa, walikubaliana jambo moja bila kuliandika popote: kurudi kwa sherehe hiyo. Mpaka leo, mwishoni mwa Julai, mamia ya vizazi vya walowezi wale hurudi kutoka majimbo mbalimbali. Mji wa watu 14 hujaa. Wajukuu huonyeshwa kaburi la babu wa babu yao, na mahali lilipokuwa shimo la kwanza. Mmoja wa watoto wa mji huo, Veryl Switzer, alicheza kandanda ya Kimarekani ya kulipwa katika timu ya Green Bay Packers miaka ya 1950, na bado jina lake hutajwa kama la jirani.

Kumbukumbu hiyo iligeuka kuwa kazi. Angela Bates, mmoja wa vizazi hivyo, aliunda jumuiya ya historia ya Nicodemus na kuongoza juhudi za kutaka mji ulindwe na taifa. Mnamo Novemba 12, 1996, Nicodemus ilitangazwa kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa, chini ya idara ile ile inayosimamia mbuga za taifa za Marekani. Majengo matano yanatunzwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani ya St. Francis, shule, na ukumbi wa kitongoji uliojengwa mwaka 1939. Wageni hupokelewa katika ukumbi huo. Kati ya miji ya watu weusi iliyoanzishwa magharibi baada ya utumwa, huu ndio wa zamani zaidi ambao bado unakaliwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watu waliotoka utumwani walilielewa hilo kuliko wengi.

Mambo ya kuchukua nyumbani

Kaunti ya Graham si Kenya, na mtu asiyatafsiri mambo yake kwa pupa. Lakini mambo matatu yanastahili kuchukuliwa.

La kwanza ni kwamba uamuzi wa mahali pa kupitisha barabara, reli au bomba la maji ni uamuzi wa mji upi utaishi na upi utasinyaa. Kwa hiyo vikao vya ushirikishaji wa umma, ambako mipango hiyo hujadiliwa, si mahali pa kuachia wachache. Watu wa Nicodemus walipiga kura na kujitolea kulipa. Walichokosa ni uwezo wa kumfunga mwenye reli na ahadi yake.

La pili ni kumbukumbu. Historia yote iliyosimuliwa hapa inajulikana kwa sababu kuna karani aliyeandika daftari, kuna hati za ardhi zilizotunzwa, kuna mama aliyesimulia na mtu akaandika. Kila kaunti ina wazee wanaojua nani aliitoa ardhi ya shule, nani alichimba kisima cha kwanza, na soko lilianza chini ya mti gani. Mzee akifariki bila kuulizwa, daftari hilo limefungwa.

La tatu ni hesabu. Karani wa sensa huandika watu wanaolala nyumbani usiku ule, na ni haki afanye hivyo, kwani fedha za umma zinahitaji hesabu safi. Lakini jamii ina hesabu yake pia. Waliohamia mjini, waliovuka bahari, wanaorudi kwa harusi, matanga na sherehe za Desemba, wote wamo katika jamii hata kama hawamo kwenye jedwali. Nicodemus ina watu 14 kwenye karatasi. Mwishoni mwa Julai, mtu akisimama mlangoni pa ukumbi ule wa mwaka 1939 na kutazama magari yakiingia kutoka barabara kuu, ataona idadi nyingine.